Bili Yetu na Bili ya Ng'ambo

4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, nikiwa ndiyo kwanza nimeanika mashuka. Nimeyaanua yakiwa yameloa kuliko nilivyoyaanika.

Nimenunua daftari hili kwa sababu nikiongea sana nyumbani mume wangu anawasha randa ya umeme. Ni seremala, karakana yake iko hapo hapo uani, na mashine hiyo ndiyo jibu lake kwa kila mjadala. Daftari halina randa.

Jambo lenyewe ni hili. Mvua zikikaribia kuisha wakazi wote watakutana ukumbini shuleni kuamua kama shirika letu la umeme, Umeme wa Mji, libaki letu au likabidhiwe kwa Ushirika wa umeme wa ng'ambo ya mto. Wanaotaka likabidhiwe wana neno moja tu: bei. Wanasema ng'ambo umeme ni rahisi, sisi tunanyonywa. Mimi ndiye mkuu wa bili pale. Mtaani wananiita Mama Bili, hata watoto wasiojua bili ni nini. Kwa hiyo wakisema wananyonywa, wanasema anayewanyonya ni mimi.

Baba yangu, aliyetuachia nyumba hii, alikuwa mmoja wa waliosimamisha nguzo za kwanza za mji huu kwa kamba na mabega. Mtu akiligusa shirika hili amenigusa mimi. Ofisini siwezi kusema hivyo, lakini hapa si ofisini.

5 Machi

Mvua. Mashuka bado.

8 Machi

Mdogo wangu kanipigia simu. Ameolewa ng'ambo, na tangu habari za kura zianze ananipigia kila mara, hana hata haya.

"Dada, mnahamia kwetu lini? Nipike?"

"Hatuhami."

"Sisi huku uniti ni 13, basi, haipandi haishuki. Nyie zenu zikipanda zinafika 20. Ishirini, dada! Mnauza umeme au dhahabu?"

"Na zikiwa chini ni 8. Mbona hiyo huitaji?"

"Nani anaishi kwa hizo uniti za chini? Kuku?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia akanywe maji, nikakata simu.

Ukweli ni kwamba hizo uniti za chini ndizo fahari yetu. Waliolianzisha shirika waliamua kila mita ipewe uniti 50 za mwanzo kwa bei ya 8, ili mwenye kidogo asiogope kuwasha taa. Ukizipita, unalipa 20 kwa kila uniti inayozidi. Mwenye friza na mapambo ya taa hadi kwenye maua anambeba asiye nacho. Ushirika hawana hilo. Kampuni ya nyuma ya kilima, jirani yetu wa pili, nayo haina. Tunalo sisi tu.

11 Machi

Nimemwambia meneja tuandike bei za mashirika yote matatu kwenye ubao mkubwa ulio nje ya ofisi, watu wajionee wenyewe. Meneja wetu ni mtu mpole, anayeomba radhi hata akipishana na kiti. Akasema sawa, andika bei za uniti.

"Hapana," nikamwambia. "Hakuna mtu anayelipa uniti moja. Tuandike nyumba. Nyumba moja ile ile, tuipeleke kwetu, tuipeleke ng'ambo, tuipeleke nyuma ya kilima, tuone kila mahali italipa nini."

Nikachukua nyumba ya familia moja yenye friji, pasi, televisheni na taa zake: uniti 60 kwa mwezi. Kwetu inalipa 600. Ushirika, 780. Kampuni, 810, maana wao wana uniti ya 11 tu, lakini kila mwezi wanakata 150 ya laini hata ukilala gizani.

Nimeandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa, nikarudi nyuma hatua kadhaa kuangalia. Nimeringa peke yangu pale nje kama bibi harusi.

14 Machi

Ubao una watu tangu asubuhi. Leo Spika naye kasimama kuusoma, na Spika akisoma kitu basi kimesomwa.

Spika ni msomaji wetu wa mita. Hapa kwetu msomaji haandiki tu na kuondoka. Anasimama mlangoni na kuitaja namba kwa sauti, mwenye nyumba asikie, na majirani wasikie pia. Ilianza zamani kwa sababu watu waliogopa kuibiwa. Ukiitaja mbele ya wote, huwezi kuibadilisha njiani. Wageni hushangaa, wengine hukasirika, lakini sisi tumeizoea. Ndiyo maana mtaani kwetu huwezi kununua jiko la umeme kwa siri.

"Ushirika mia saba na themanini!" akapaaza sauti, mbele ya soko zima. "Kwetu mia sita! Mwenye masikio kasikia!"

Ningeweza kumkumbatia.

19 Machi

Mvua. Bili zimetoka. Mashuka yamekauka, yananuka unyevu.

24 Machi

Nimechoka lakini lazima niandike hili.

Juzi upepo ulikuja na mvua ukaangusha nguzo huku kwetu na ng'ambo. Mji ukawa giza totoro. Mafundi wetu wa laini waliingia kazini mvua ikiwa bado inawachapa, matope magotini, Spika akiwa chini anapokezana nao kupiga kelele kutoka nguzo hadi nguzo kwa sababu simu zilikuwa zimekufa. Jana jioni, kabla watu hawajaanza kutafuta mishumaa ya usiku wa pili, taa zikawaka. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Nilisimama uani nikalia kidogo, sijui kwa nini nifiche. Nilimkumbuka baba.

Leo mdogo wangu amefika na beseni la nyama kichwani. Ng'ambo bado giza.

"Dada, nisaidie friza yako. Itaoza."

Mume wangu akatoka karakana, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. "Shemeji, karibu! Hiyo nyama imekuja kupiga kura?"

"Shemeji, usinianze."

"Niulize tu. Hiyo 13 yenu, gizani ni 13 au mnapunguziwa?"

Mdogo wangu akacheka, hana kinyongo huyu. Nimempa chai, nimempa nafasi kwenye friza. Nilimwangalia tu. Akasema, "Dada, bora useme, maana hayo macho yananichosha."

2 Aprili

Leo nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Nilikuwa nje napaka wino upya kwenye ubao, mvua ilikuwa imeulamba kwa pembeni. Watu kama kawaida. Akaja fundi cherehani, yule mwanamke anayeshona sare za shule, anakaa kwenye nyumba ya vyumba nyuma ya soko. Akasoma taratibu, akaniuliza kwa adabu kabisa.

"Mama, hii nyumba uliyoiandika hapa ni ya nani?"

"Ni ya mfano tu, fundi."

"Ina vyumba vingapi?"

"Ni ya familia moja."

"Sawa. Sasa sisi tulio familia sita kwenye mita moja, tuko wapi hapa?"

Nikamwambia nyumba zote hazitoshi ubaoni. Watu wakacheka, na walicheka upande wangu. Yeye hakucheka.

"Basi tuandike hata pembeni, mama. Namba yetu unaijua. Spika huisoma mtaa mzima ukisikia. Mia moja na hamsini."

Akaenda zake. Nikaingia ndani nikafunga dirisha la wateja kabla ya saa ya kufunga. Nikajiambia katumwa na watu wa ng'ambo.

3 Aprili

Nimepiga hesabu aliyoitaka.

Vyumba sita, kila kimoja kinatumia kama uniti 25. Jumla ni 150. Mita ni moja, kwa hiyo uniti 50 za bei ya chini wanazipata mara moja tu, wagawane. Mia moja zilizobaki zinapanda bei ya 20, bei ya wenye friza. Bili 2,400. Kila chumba 400.

Ng'ambo kila chumba kina mita yake. Uniti 25 kwa 13 ni 325.

Na chumba hicho hicho, kingekuwa na mita yake hapa kwetu, kingelipa 200.

Nimerudia tena na tena nikitafuta nilipokosea. Sikukosea. Kanuni yetu ni kiwanja kimoja, mita moja. Iliwekwa wakati mita zilikuwa adimu na kila kiwanja kilikuwa na familia moja. Tukatengeneza bei ya kumlinda mwenye kidogo, halafu tukawafunga wenye kidogo sita kwenye mita moja na kuwaita mtu mmoja tajiri. Huyo ndiye anayewabeba wengine mjini hapa. Anambeba hata mdogo wangu, maana nyama yake iko kwenye friza yangu.

Nimeona aibu. Mume wangu kaniuliza mbona sili, nikamwambia jino.

6 Aprili

Mvua ilipumzika, nikaenda nyuma ya soko mwenyewe.

Nyumba ni ya vyumba sita vinavyotazamana, ua katikati, mita imetundikwa ukutani karibu na bomba. Nilipobisha hodi wote walitoka, maana walidhani nimekuja kukata. Nikasema nimekuja kutembea. Hakuna aliyeamini.

Wana sheria zao pale kuliko mahakama. Pasi inapigwa siku moja kwa wiki, vyumba vyote kwa foleni, ili asiwepo wa kusema mwenzake kala zaidi. Birika la umeme limepigwa marufuku. Kijana wa chumba cha mwisho alinunua feni, wakamnunia mpaka akairudisha dukani. Kila mwezi Spika akitaja namba pale mlangoni, wanageuka wanatazamana kabla hajafunga mdomo.

"Akishataja tu, tunaanza," mama mmoja akaniambia. "Nani kawasha, nani kasahau. Wiki nzima hatusalimiani vizuri."

Fundi cherehani akanikaribisha chumbani kwake. Cherehani iko dirishani, safi, inang'aa. Anaiendesha kwa miguu. Juu ya rafu niliona kitu kimefungwa kwa kitambaa cha maua na kukazwa kwa uzi.

"Hiyo ni mota yake," akasema. "Niliifungua mwenyewe. Kila bili ikija kubwa walikuwa wanatazama dirisha langu. Sikuwa nawalaumu. Ikilia, wote wanaisikia."

"Na sare unamaliza?"

"Namaliza nusu ya nilizokuwa namaliza. Miguu ina mwisho wake, mama."

Hakuwa analalamika, alikuwa ananieleza kama mtu anavyoeleza njia. Nilimwambia nimepiga hesabu yake na kwamba alikuwa na haki. Nilimwambia pia nilidhani katumwa. Akacheka kwa mara ya kwanza, akasema, "Na nani? Hao wa ng'ambo hata hawanijui."

10 Aprili

Nimegombana na meneja. Nimemwambia naiandika nyumba ya vyumba sita ubaoni.

"Tukiandika hilo kabla ya kura tumejimaliza," akasema, na safari hii hakuomba radhi. "Wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba. Unawapa fimbo mkononi."

"Fimbo wanayo. Wanaisikia kila mwezi Spika akisoma."

"Wanasikia namba. Hawajui kwa nini."

"Ndiyo hapo sasa. Sisi tunajua kwa nini."

"Mama, tushinde kwanza. Turekebishe baadaye."

Najua analipenda shirika kama mimi, ndiyo maana nimeshindwa kumchukia. Jioni nikamweleza mume wangu yote, na hakuwasha randa. Akaendelea kusugua mlango wa kabati kwa msasa, polepole.

"Mimi mteja nikimwuzia kabati linalocheza mguu mmoja," akasema, "atagundua akifika kwake. Nikimwonyesha hapa hapa nikiwa na msumeno, anasubiri nilirekebishe, anaondoka nalo."

"Kwa hiyo niandike?"

"Andika. Lakini nenda na msumeno."

11 Aprili

Mvua kutwa. Natafuta msumeno.

15 Aprili

Nimeupata.

Si lazima kununua mita mpya kwa kila chumba, hela hiyo hatuna. Mita ibaki moja, ila tuhesabu familia zilizo nyuma yake. Vyumba sita, basi uniti 50 za chini mara sita. Ile 150 yote inaingia bei ya 8. Kila chumba 200. Ng'ambo 325.

Pengo la mapato litakalobaki lazima mtu alijaze. Nimelipima kila upande, na njia iliyo safi ni kupandisha bei ya juu kutoka 20 hadi 22. Wenye nyumba kubwa ndio watakaoguswa. Nikachukua mfano wa nyumba ya uniti 120: ilikuwa inalipa 1,800, sasa italipa 1,940. Ng'ambo nyumba hiyo ingelipa 1,560, na Kampuni 1,470. Hapo tunashindwa, na nitaandika hivyo hivyo kwamba tunashindwa.

Nyumba hiyo ya 120 si ya mfano. Ni yetu. Randa na friza.

Nimemwonyesha mume wangu. Kasoma, kavua miwani, kaifuta kwa shati lenye vumbi, kaivaa tena.

"Kwa hiyo huo msumeno," akasema, "ni mfuko wangu."

"Ni mfuko wetu."

"Niliposema nenda na msumeno nilikuwa naongea tu, mke wangu!"

Halafu akacheka mwenyewe, akaenda kuwasha randa, nami nikajua amekubali.

17 Aprili

Spika amepita kila kiwanja kuhesabu vyumba. Mwanzo alinuna, akasema kazi yake ni mita si watu. Nikamwambia hakuna mtu mwingine mjini ambaye akipaaza sauti kila chumba kinatoka. Alikwenda, akarudi amelowa hadi soksi, anajua nani anakaa wapi mpaka vyumba vilivyojengwa mwezi uliopita.

20 Aprili

Nimeandika.

Nilitoka na kalamu wakati wa chakula cha mchana, manyunyu yanaanguka. Nikaongeza nyumba ya pili, ya vyumba sita: kwetu 400 kwa chumba, Ushirika 325. Nikaongeza ya tatu, kubwa, tunaposhindwa na wote wawili. Chini yake nikaandika PENDEKEZO, halafu 200 kwa chumba, na bei ya juu 22.

Nilikuwa katikati ya neno meneja alipotoka na mwavuli, uso umemvimba kwa hasira. Alisimama nyuma yangu. Nilimsikia anapumua. Wino ulikuwa umeanza kuteremka kwenye namba ya mwisho, nikawa nauzuia kwa kiganja.

"Na hii 22, nani amekuruhusu?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimeandika pendekezo."

"Pengo linajazika?"

"Linajazika. Karatasi za hesabu ziko mezani kwako."

Akasoma tena kuanzia juu. Kisha nikaona manyunyu yameacha kunipiga: alikuwa ameusogeza mwavuli juu ya ubao, yeye mwenyewe analowa bega. Alikaa hivyo mpaka nikamaliza na wino ukakauka. Sijawahi kujivunia meneja yeyote hivyo, na nimefanya kazi na kadhaa.

26 Aprili

Watu wananitukana. Wenye nyumba kubwa wanasema nimewauza. Wapangaji wengine wanasema kumbe tulikuwa tunajua siku zote. Wanaotaka Ushirika wameipiga picha ile 400 wakaisambaza, wakalikata pendekezo lote la chini.

Mdogo wangu amepiga simu na hakucheka. "Dada, umejichoma mwenyewe. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Nilikuja kuchukua nyama nikasahau kukushukuru," akasema.

30 Aprili

Mvua. Sijui tutashinda au tutashindwa. Naogopa.

9 Mei

Leo ndiyo leo.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mvua ikaja na fujo zake zote juu ya bati, ukawa huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Msemaji wa Ushirika, kijana nadhifu, alianza vizuri lakini ikabidi aongee kwa mikono. Meneja wetu alifungua mdomo na hakuna aliyejua kama ameanza.

Ndipo Spika akapanda kwenye benchi. Hakutoa hotuba, hajui hotuba. Alisoma ubao, kwa sauti ile ile ya mlangoni. Akasoma nyumba ya kwanza, tunashinda. Akasoma ya vyumba sita, tunashindwa, na hakushusha sauti. Akasoma kubwa, tunashindwa. Kisha pendekezo. Bati lililia na yeye akalia zaidi, na ukumbi mzima ukawa kimya kama wanavyokaa kimya akisoma mita.

Fundi cherehani akasimama. Akasogea mbele mpaka kwa kijana wa Ushirika, akamwuliza karibu na sikio. Kijana akajibu. Fundi akageuka na kumwambia Spika, na Spika akatangaza: "Anauliza, tukihamia kwenu hizo mita za vyumba nani atanunua? Anajibiwa, mpangaji mwenyewe!"

Ukumbi ukavuma.

Fundi akapanda kwenye benchi karibu na Spika. Alikuwa na sauti ndogo, hivyo alisema kipande kwa kipande na Spika akakirudia.

"Mimi nilikuja nimeamua kwenda ng'ambo! Bado nina hasira na bei hii! Lakini nimekaa kwenye vyumba vingi, na hakuna mahali mwuzaji aliniandikia ukutani kwamba ananiuzia ghali! Hawa wameandika! Sasa wabaki, nijue pa kuwapata!"

Tulipiga kura kwa kusimama: wa kubaki ukuta wa kulia, wa kuondoka ukuta wa kushoto. Nilifunga macho kama mtoto. Nilipoyafungua mume wangu alikuwa ananivuta mkono, maana ukuta wa kulia ulikuwa umejaa na mimi nilikuwa bado nimesimama katikati. Wapangaji wa nyuma ya soko walikuwa wote huko, vyumba vyote sita, na wenye nyumba kubwa wengi wao pia, wengine wamenuna lakini wako. Jirani yetu mwenye nyumba kubwa, aliyenitukana wiki nzima, akaniambia, "Usinitazame. Sitaki tu kuambiwa nimeshindwa na mdogo wako."

Pendekezo limepita pia. Sitaandika zaidi, machozi yanaharibu karatasi.

10 Mei

Nimelala kutwa.

28 Mei

Mvua zinakata. Mdogo wangu amekuja, mikono mitupu safari hii, anazungukazunguka neno. Mwisho akasema ng'ambo kuna watu wanauliza kwa nini Ushirika hawana ubao. "Wanataka mtu wa kuja kuwaonyesha namna ya kulinganisha nyumba kwa nyumba. Nikasema namjua mmoja, ila ana maringo."

Nikamwambia maringo hayo yana nauli yake.

3 Juni

Jua. Leo ni siku ya kusoma mita, ya kwanza tangu kanuni mpya, nikaomba ruhusa nifuatane na Spika.

Nyuma ya soko alisimama karibu na bomba na kuita, "Mia moja na tisini na mbili!" Nilishtuka, imepanda. Nikawatazama wapangaji, nikasubiri watazamane. Hawakutazamana. Kijana wa chumba cha mwisho alikuwa amesimama mbele ya feni mpya. Mtu akapaaza sauti, "Zote ni za 8, Spika? Zote?" na Spika akajibu, "Zote!" Wakarudi kwenye kazi zao. Dirishani kwa fundi cherehani mota ilikuwa inalia bila kukatika, naye hakuinua kichwa, alikuwa na rundo la sare kufikia kidevuni. Aliinua mkono mmoja tu.

Mwisho tukafika mtaani kwetu. Mume wangu akatoka karakana, majirani wakatoka, maana habari ya bei ya juu kila mtu anaijua na kila mtu alitaka kusikia kwa Mama Bili kumetokea nini. Spika akainama kwenye mita yetu, akaangalia, akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akashusha sauti.

"Mia moja na thelathini na moja," akasema, taratibu, kama anayeniambia msiba.

Nikasimama wima pale mlangoni kwa baba yangu, nikakunja mikono.

"Spika," nikamwambia, "rudia. Wa mwisho wa mtaa hawajasikia."